Maonyesho ya sanaa za kisasa Dar: wapi pa kwenda, na kwa nini uwahi



Hapa Ilongero kijana akionekana ana mkono wa kuchora, kazi ya kwanza anayopewa ni bango la kinyozi: kichwa cha jamaa aliyenyolewa vizuri, mashine pembeni, bei chini. Ya pili ni ukuta wa duka la dawa. Wengi wanaishia hapo. Ukiwauliza kama wamewahi kwenda kwenye maonyesho ya uchoraji wanakujibu kwa swali: ya Sabasaba au ya Nanenane? Hawana kosa. Neno "maonyesho" huku kwetu maana yake ni matrekta, mbegu za alizeti na kuku.

Na bango si kazi ya kudharau hata kidogo. Chéri Samba wa Kongo aliacha shule akaanza kuchora mabango Kinshasa mwaka 1972, akafungua karakana yake mwenyewe 1975, na mwaka 1989 kazi zake zilitundikwa Paris kwenye maonyesho makubwa yaliyoitwa Magiciens de la Terre. Leo ni mmoja wa wachoraji wa Afrika wanaojulikana zaidi duniani. Mkono wake ulianzia kwenye rangi ile ile ya mafuta wanayotumia vijana wetu wa mabango.

Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu anayefika Dar mara moja kwa mwaka, labda kwa shangazi, labda kufuatilia chuo, na akabakiwa na siku moja au mbili za bure. Siku hizo usizimalize zote Kariakoo.

Tuanze na maneno, maana yanachanganya. Kwa lugha ya shule na ya serikali, sanaa za ufundi ni uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi na jamaa zake. Sanaa za maonyesho ni ngoma, maigizo, sarakasi. Sasa angalia: "maonyesho ya sanaa" na "sanaa za maonyesho" ni vitu viwili tofauti, na ukigeuza maneno wakati unauliza njia utajikuta umepelekwa kwenye ukumbi wa ngoma. Hapa nazungumzia yale ya kwanza, yaani kazi zinatundikwa au kusimamishwa mahali kwa muda fulani, watu wanaingia, wanatazama, wanabishana, na mwenye nazo ananunua.

Halafu hilo la "kisasa". Mtu anatoka mkoani akitegemea kukuta twiga, Mlima Kilimanjaro na machweo. Anakuta rundo la kandambili zilizochakaa limepangwa sakafuni, au video inajirudia ukutani, au mtu amekaa kimya kwenye kiti saa tatu nzima na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Anajiuliza kama amedanganywa. Ushauri wangu ni mmoja: achana kwanza na swali la inafanana na nini, jiulize huyu kachagua kitu hiki kwa sababu gani. Mimi niliwahi kusimama mbele ya kazi ya magunia ya mkaa yaliyoshonwa pamoja mpaka yakawa kama pazia kubwa, na kilichonijia kichwani ni wale akina mama wa hapa wanaoshona magunia ya vitunguu, sindano mkononi, jua la saa nane. Sikuwa nimewahi kuwatazama hivyo. Kazi nyingine niliziona siku hiyo hiyo na hazikuniambia kitu. Ndivyo ilivyo, hulazimiki kupenda kila kitu.

Sasa kwa nini nasema uwahi. Tanzania haina jumba la taifa la sanaa za uchoraji linalojitegemea, mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kupelekwa mwaka wowote akaonyeshwa wachoraji wetu wakubwa tangu uhuru. Uganda wana Nommo Gallery tangu 1964. Zimbabwe wana jumba la taifa tangu 1957, enzi za ukoloni. Sisi tuna Makumbusho ya Taifa, ambayo yana kazi nyingi za kufanya, kuanzia mafuvu ya Olduvai mpaka magari ya viongozi, na uchoraji unapata sehemu yake tu.

Matokeo yake kazi zetu kubwa ziko kwa watu. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro mwaka 1923, alisoma Makerere na London, na baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Picha yake ya mwaka 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko New York kwenye Museum of Modern Art. Ukitaka kuisimamia mbele, tafuta viza. Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu mwaka 1954 na maonyesho yake ya kwanza yalikuwa hapa hapa, Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, mwaka 1980. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London ilinunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982, na mwaka 2024 Edinburgh wakamfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote. Ilongero hapa nimeuliza watu kumi kuhusu jina lake. Hakuna.

Unaona ninapoelekea. Kama hakuna jumba la kudumu, basi yale maonyesho ya wiki mbili au tatu pale Dar ndiyo jumba lenyewe. Yakifungwa, kazi zinarudi kwa msanii, au zinapanda ndege, na wewe hutaziona tena.

Hata nyumba zenyewe hazikai. Wazee wanaikumbuka Nyumba ya Sanaa. Ilianzishwa 1972, akiwemo mtawa Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, na mwaka 1983 ikapata jengo lake maarufu Upanga. Vijana wengi waliokuwa hawana kazi walijifunzia pale uchoraji, uchapaji wa picha, batiki na uchongaji. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa 1934, aliingia pale miaka ya sabini kama mlinzi. Mlinzi kabisa! Alikuwa tayari anachonga, wakaona kazi zake, wakampa nafasi. Mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington, na vile vishetani vyake vyenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza vikazunguka dunia. Alifariki Dar mwaka 2005. Leo ukienda pale Upanga huikuti tena Nyumba ya Sanaa. Ardhi ya katikati ya jiji ina thamani kuliko picha, na hilo sitalipamba.

Kilichodumu zaidi ni kile ambacho wasanii wenyewe walikishika. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuja Dar akafanya vibarua, na mwishoni mwa miaka ya sitini akaanza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao laini, akiviuza Morogoro Stores kule Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mwizi. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao. Mpaka leo ukifika Oysterbay utawaona wamekaa chini, vikopo vya rangi pembeni, wanafanya kazi. Wapo wasomi wanaosema Tingatinga imekuwa biashara ya watalii, kila mtu anachora tembo yule yule. Kuna ukweli hapo. Ila ushirika wa watu wasiokuwa na vyeti ambao umejilipia pango na kulisha familia kwa zaidi ya miaka thelathini, mimi nauheshimu kuliko galari nyingi zilizofunguliwa kwa mbwembwe na kufungwa kimya kimya.

Kati ya hapo kulikuwa na juhudi nyingine. Profesa Elias Jengo, mchoraji aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mbelgiji Yves Goscinny aliyekuwa na galari pale jijini, walikuwa nyuma ya maonyesho ya kila mwaka ya wasanii wa Tanzania yaliyoanza 1998, na mwaka 2003 yakazaa maonyesho ya Afrika Mashariki nzima ya kila baada ya miaka miwili. Wasanii wengi wa makamo unaowasikia leo walitokea kwenye vitabu vya maonyesho yale. Ukivikuta popote, vipige picha.

Haya, leo uende wapi?

Pa kwanza ni Nafasi Art Space, Mikocheni B, barabara ya Eyasi, kule kwenye eneo la viwanda vidogo. Ilianza mwaka 2008. Ukifika Mwenge umekaribia, chukua bajaji. Usitegemee jengo la vioo. Ni uwanja wenye makontena ya meli yaliyogeuzwa studio, ukumbi wa maonyesho, jukwaa, na kuta zilizochorwa juu mpaka chini. Napapenda kuliko pengine kwa sababu unamkuta msanii mwenyewe na mikono yake michafu. Galarini unaona kazi iliyokwisha, huku unaona ile iliyoharibika na inayofutwa kurudiwa, na kwa mtu anayejifunza hiyo ya pili ina faida zaidi. Tangu 2020 wana pia mafunzo yao, Nafasi Academy, kwa vijana wanaotaka kuingia kwenye sanaa ya kisasa kwa dhati. Wengi wa walimu ni wasanii wanaoishi kwa kazi hiyo hiyo.

Pa pili ni vituo vya utamaduni vya nje, Alliance Française na Goethe-Institut, vyote Upanga. Najua wapo wanaouliza kwa nini tukatazame picha za Watanzania kwenye nyumba ya Mfaransa au Mjerumani. Swali zuri, na jibu ni kwamba wao wana ukuta, wana taa, na wana bajeti. Miaka mingi wasanii wa Dar wamefanya maonyesho yao ya kwanza huko. Kwa kawaida ni bure kuingia, na mlinzi wa getini akikuangalia kuanzia miguuni mwambie kwa sauti ya kawaida, nimekuja kuona maonyesho. Atakufungulia.

Pa tatu ni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Kuna kiingilio, ila raia analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Uliza pale mapokezi kama kuna maonyesho ya muda, maana yale ya kudumu hawataacha kukuonyesha hata usipouliza. Zipo pia galari ndogo za watu binafsi upande wa Masaki na Oysterbay. Hizo hufunguliwa na kufungwa kama vibanda vya chipsi, piga simu kwanza kabla hujatoa nauli. Na ukiwa Mwenge pita kwa wachongaji wa vinyago. Wengi hapo wanauza kazi za kurudia, lakini kaa nusu saa utaona mmoja wawili wanaochonga kitu chao wenyewe, na mara nyingi kazi hizo wamezificha nyuma.

Siku nzuri kuliko zote ni jioni ya ufunguzi. Msanii yupo, waliomwalika wapo, wanunuzi wapo, na mara nyingine kuna soda. Huhitaji suti. Usiguse kazi, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, soma kile kikaratasi pembeni: jina la kazi, mwaka, imetengenezwa kwa nini, ukubwa. Kisha andika jina lako kwenye kitabu cha wageni. Kitabu kile si mapambo. Wenye kituo wakienda kuomba fedha za maonyesho yanayofuata, wanaonyesha ni watu wangapi walikuja na wametoka wapi. Andika "Ilongero, Singida" kwa herufi kubwa.

Nauli nayo. Kutoka hapa unashuka Singida mjini, halafu basi la Dar, karibu kilomita 700, siku nzima imeisha. Tangu katikati ya 2024 kuna njia nyingine: basi mpaka Dodoma, halafu treni ya SGR mpaka Dar. Inapunguza uchovu sana, ila pangilia muda wa kuunganisha usilale Dodoma bila mpango.

Sasa upande wa hela, na hapa naomba msome polepole. Kijana mmoja wa huku aliwahi kuacha picha sita kwenye duka moja Dar kwa mali kauli. Hakuna karatasi, walipeana mikono tu. Baada ya miezi simu ikawa haipokelewi, na alipofika mwenyewe duka lilikuwa limehama. Picha sita, rangi za kukopa. Kwa hiyo ukiacha kazi popote, hata kwa mtu anayecheka vizuri, andikeni: kazi ngapi, majina yake, ukubwa, bei ya kila moja, nani anapata asilimia ngapi, na zitarudishwa lini zisipouzwa. Wote wawili mtie saini, piga picha karatasi na kazi zenyewe mbele na nyuma. Galari kuchukua sehemu ya bei si wizi. Galari nyingi za biashara duniani hugawana nusu kwa nusu na msanii, nyingine huchukua chini ya hapo, kwa sababu ukuta, taa na mteja ni vyao. Wizi ni kutokujulishwa.

Pia ujue haki yako. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, picha uliyobuni mwenyewe ina ulinzi tangu unapoimaliza, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Huhitaji cheti ili haki iwepo, ila COSOTA wanasajili kazi, na usajili unakusaidia ukifika mahali pa kubishana. Aliyenunua picha amenunua ile picha. Hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana mia tano. BASATA, lile baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ndilo linalosajili wasanii na kutoa vibali vya shughuli za sanaa, na vituo vingine wanaweza kukuuliza kama umesajiliwa.

Kuna habari moja ambayo ilipita kimya huku mikoani. Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye Biennale ya Venice, Italia, ambayo ndiyo maonyesho makongwe na makubwa kabisa ya aina yake, yanaitwa hata "olimpiki" za sanaa. Walionyesha Happy Robert, Haji Chilonga, Lute Mwakisopile na Naby. Nilifurahi kweli. Lakini nikajiuliza pia, kazi zile zikitoka Venice zinarudi kukaa wapi? Bendera yetu imepata ukuta Italia kabla msanii wetu hajapata ukuta wa kudumu wa taifa nyumbani. Mwenye jibu aniandikie.

Kwa ambao Dar bado ni ndoto, kuna kitu karibu. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iko mkoa wa jirani tu, Dodoma, na UNESCO waliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili kwa mkono miamba kwa miamba mwaka 1951. Unapita ofisini pale Kolo, unapewa mtu wa kukuongoza, mnapanda mlima. Watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, swala, rangi nyekundu ya udongo. Wasanii wa leo wa Dar wanakwenda pale kuchota, nenda ujue wanachota nini.

Na wewe unayetaka kazi zako zifike kabla miguu yako haijafika: vituo hivi hutangaza mialiko ya wazi kwa wasanii kwenye kurasa zao. Wanachotaka huwa hakitofautiani sana. Picha za kazi tano mpaka kumi, ukurasa mmoja wa wewe ni nani, na maelezo mafupi ya unachotaka kufanya. Piga picha nje asubuhi au saa kumi jioni, kivulini, kazi imesimama wima, bila vidole vyako wala kuku nyuma. Jina la faili liwe jina lako, jina la kazi na mwaka, maana mtu anayepokea mafaili mia mbili yanayoitwa "IMG" hawezi kukukumbuka. Maelezo yaandike nyumbani kwenye daftari kwanza, ndiyo uje kafe kuyachapa, utaokoa nusu ya hela ya muda. Tunza nakala kwenye barua pepe yako mwenyewe, usiiamini flashi ya kuazima. Na ukimaliza, funga akaunti yako kabla hujainuka kwenye kiti.